Hati ya Bi Somoe Ilipovishwa Plastiki

Wakili wetu ameniomba nije nizungumze na nyie makarani wapya. Nimemwambia kuzungumza siwezi, nikisimama mbele za watu magoti yanacheza. Nitaandika. Kwenye kuandika mtu unaweza kufuta.

Najua mtacheka mkisikia najiita mstaafu nami sina mvi hata moja. Mama yangu, ambaye ndiye mwenye umri wa kustaafu, bado anauza vitenge Mabibo na hana mpango wa kuacha. Lakini kazi ya kupeleka nyaraka kwa Msajili wa Hati niliianza nikiwa nimetoka tu sekondari, nikaifanya mpaka mwili wenyewe ukasema basi. Siku hizi nauza miche ya maua na ya matunda kando ya barabara huko Madale, nalala vizuri, na tumbo haliniumi. Kama huko si kustaafu, sijui ni nini.

Nimelitaja tumbo kwa sababu nina hakika kati yenu yumo mmoja wa aina yangu. Wa aina yangu ni yule anayefunga mlango, anafika barabarani, anarudi kuutikisa. Ni yule anayeandika barua fupi kisha anaisoma mpaka maneno yanaanza kuonekana kama ya lugha ya wageni. Nilikuwa nabeba kalamu ya wino mweusi, na ya akiba, na ya kuiokoa ile ya akiba. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, mie mwenyewe kisha afisa wa dirishani, kwa zamu. Umeambatisha kibali? Nimeambatisha. Picha je? Zipo, na majina nyuma. Siku moja mama muuza mihogo alinisimamisha akaniuliza kwa upole kama nina ndugu wa kunisindikiza hospitali.

Chuo sikwenda. Kazi niliisomea kwenye kabati la ofisi hii hii mnayokaa, pale juu ya ngazi, kwenye mafaili yaliyokwisha. Nilitazama nyaraka zilizopokelewa zinafananaje, halafu nikazitazama zilizorudishwa zilikosa nini. Zilizorudishwa zilinifundisha zaidi. Sheria yenyewe niliisoma na kamusi pembeni, na kuna vifungu mpaka leo naviota.

Aliyenishika mkono ni braza Hamisi, karani aliyenitangulia. Mtu mtaratibu, anakula karanga huku anasoma, na hakuna ganda hata moja lililowahi kuonekana ndani ya faili. Siku ya kwanza alinipa hati miliki ya mteja akaniuliza naona nini. Nikaanza kumsomea ukurasa wa mbele kwa sauti ya darasani: jina la mmiliki, namba ya kiwanja, kitalu, muda wa miliki. Akaichukua taratibu, akaigeuza.

"Anzia huku," akasema. "Mbele panakwambia ardhi imezaliwaje. Nyuma ndipo maisha yake yalipo."

Na kweli nyuma palikuwa na maisha ya watu. Kiwanja kimeuzwa, mmiliki mpya ameandikwa, mhuri. Kimewekwa rehani benki, mhuri. Rehani imefutwa, mhuri. Mwenyewe amefariki, msimamizi wa mirathi ameandikwa. Kila kinachoifika ardhi iliyosajiliwa lazima kiandikwe, kwenye rejista ya Msajili na kwenye hati ya mwenye mali. Mkataba wa mauziano hata uwe na mashahidi mtaa mzima, ukikaa kabatini bila kuandikwa, kwa Msajili ardhi bado ni ya yule wa kwanza.

Braza Hamisi alinifundisha pia kwamba nyaraka zina foleni yake. Mzee mmoja wa Segerea alikuja na hasira kwamba uhamisho wake umerudishwa. Kumbe aliyemuuzia alikuwa na rehani ya benki, ameshamaliza deni, lakini hati ya kuifuta rehani ilikuwa imekaa ndani ya Biblia nyumbani. Kwenye rejista nyumba ilikuwa bado imeshikwa. Braza Hamisi akamwambia kwa adabu zote, "Mzee wangu, shikamoo tena. Umevua shati na koti bado umelivaa." Mzee akacheka mpaka akasahau alikuja kugomba. Tukapeleka ya kufuta rehani kwanza, uhamisho ukafuata, na zote zikapokelewa.

Vitu vidogo nitavitaja hapa hapa kabla sijasahau. Msikunje hati. Msitoboe hati kwa pini ya stepla, tumieni kibanio. Mtu akisaini, mwangalieni anavyosaini, kwa sababu wapo wanaobadilisha saini kila ukurasa. Nilikuwaga na mteja mmoja ambaye ukurasa wa kwanza alisaini kama waziri, wa pili kama mwanafunzi, na wa tatu alichora kitu kama samaki. Na mwenye mke au mume, ulizeni ridhaa ya mwenzake mapema, siyo siku ya kusaini mbele ya mashemeji.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Somoe, ambayo ndiyo hasa niliyotaka kuiandika.

Bi Somoe na Shani walikuwa wake wenza. Mume wao alikuwa fundi wa vinyago kutoka Newala, mtu wa mikono hodari na mfuko mtupu, akafariki akawaachia patasi, nyundo na kinyago kimoja ambacho hakuna aliyejua kimekwisha au la. Baada ya arobaini watu walikaa wakisubiri ugomvi. Haukuja. Wakaendelea kuishi pamoja Madale, kwenye kiwanja alichokinunua Bi Somoe kwa biashara yake ya korosho. Hati ilikuwa na jina lake peke yake. Lakini nyumba iliyosimama pale ilikuwa ya Shani kwa nusu au zaidi. Shani alikuwa na saluni hapa chini ya ofisi yenu, karibu na hosteli za wanafunzi, na kila wanachuo waliporudi kusukwa, ukuta ulipanda. Bi Somoe mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni, "Sebule hii ni rasta tupu."

Shani ndiye aliyekuwa akinisuka mie. Ndivyo walivyofika ofisini kwetu.

Bi Somoe aliketi mbele ya wakili, akapanga kanga yake, akaeleza kwamba amejaaliwa kwenda Hija. Mnajua mtu wa Hija anavyojiandaa. Anaagana na watu kama asiyerudi.

"Majirani nimewaomba radhi wote," akasema, "hata yule wa kuku. Limebaki la nyumba. Nataka jina la huyu liandikwe kabla sijapanda ndege."

Wakili akamwuliza kama watoto wake wanajua. Akasema wanajua, wamekubali kwa mdomo. "Sisemi wanangu wabaya. Nimewazaa, nawajua. Wake zao ndio bado nawasoma."

Kwa hiyo jambo lilikuwa hilo. Bi Somoe akiondoka na asirudi, na hati ina jina moja, Shani angebaki mgeni ndani ya kuta alizozijenga. Wakili akaeleza njia: hati ya hiba, Bi Somoe anampa Shani nusu, wote wawili wanasajiliwa kuwa wamiliki, kila mtu na nusu yake ambayo hakuna wa kuigusa. Shani alikuwa ameketi pembeni, kimya, mtu ambaye saluni nzima huwa inamwomba apunguze sauti. Kwenye ngazi alinishika mkono akaniambia, "Rehema, hili likishindikana, mie sitamlaumu. Ila lisishindikane."

Mniamini, baada ya hapo sikulala vizuri. Nilitafuta kibali, uthamini, kodi, picha, barua ya serikali ya mtaa. Niliiandaa hati ya hiba nikaisoma kuanzia mwisho kwenda mwanzo, kwa sababu macho yakisoma kinyume hayadanganyiki. Hati miliki yenyewe niliiona, nikaikagua mbele na nyuma, safi. Nikatoa nakala. Ofisini wakati ule paa lilikuwa linavuja, na mvua za masika zilikuwa zimeanza, basi nikaona ni salama zaidi wakae nayo nyumbani mpaka siku ya kusaini.

Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipofanya kazi yake. Nilimshika Shani nikamtisha. Nilimwambia karatasi hii isiguswe na maji. Isiguswe na mafuta ya nywele. Isikunjwe, isipate vumbi, isipate jasho la mkono. Nilimwambia nikarudia, mpaka akawa anaitikia kama anayeapishwa. Sikumwambia ni kwa nini.

Siku ya kusaini ilifika. Bi Somoe alisaini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni utotoni, polepole, ukurasa baada ya ukurasa, zote zinafanana. Nilitamani kumkumbatia. Shani akasaini. Wakili akagonga mhuri. Kisha nikaomba hati miliki.

Shani akafungua kanga, ndani ya kanga taulo, ndani ya taulo bahasha. Akaitoa kwa mikono miwili, uso unang'aa, na hati nayo inang'aa. Ilikuwa imepigwa lamineshen. Kila ukurasa umefungwa ndani ya plastiki ngumu, mbele na nyuma, kama menyu ya hoteli.

"Haiingii maji tena," akasema. "Wala mafuta."

Wakili akavua miwani, akaivaa. Mie nikakaa chini. Kiti kilikuwepo, namshukuru Mungu.

Mmeshaelewa. Msajili anaandika juu ya hati. Jina la Shani lilitakiwa kukaa pale nyuma, kwa wino, chini yake saini na mhuri. Kwenye plastiki wino haukai, na hata ukikaa unafutika kwa kanga. Shani aliposikia hivyo uso wake ulizimika, nikaona ni mie niliyeuzima. Bi Somoe akamtazama mwenzake, akatazama ile hati, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Mwanamke huyu," akasema, "angeweza kunilaminet na mie nisizeeke."

Tukateremka saluni. Msiniulize kwa nini, mtu akichanganyikiwa huenda anakopajua. Shani akaja na wazo la draya ya nywele: plastiki ilishikishwa kwa moto, basi kwa moto itaachia. Mie nikasema kwanza tujaribu na kitu kingine. Ukutani palikuwa na orodha ya mitindo ya nywele, nayo imelaminetiwa na fundi yule yule wa steshenari. Tukaipeleka chini ya draya. Wanafunzi waliokuwa wakisukwa wakawa kamati. Mmoja akasema tutumie pasi. Mwingine akasema friza, braza wake aliwahi kubandua stika ya friji namna hiyo. Wa tatu, anayesomea sheria, akasema kitaalamu ishu hii ina utata, akaambiwa anyamaze atulize kichwa.

Plastiki ikalainika, ikaanza kuachia. Tukashangilia kidogo. Kisha Shani akaivuta, na karatasi ikachanika katikati ya unene wake, kama chapati ya maji iliyoshika kikaango. Maandishi yote yakabaki kwenye plastiki, mkononi ikabaki karatasi nyeupe yenye manyoya. Draya ikazimwa.

Shani akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Si tuseme tu imepotea?"

Wazo hilo na nyie mtakutana nalo, kwa hiyo lisikieni vizuri. Hati iliyopotea inadai kiapo, inadai tangazo, inadai kungoja watu wenye pingamizi wajitokeze. Ndege isingengoja. Nilikuwa najiandaa kuyaeleza hayo yote, lakini Bi Somoe hakunipa nafasi.

"Mdogo wangu, naenda kwenye nyumba ya Mungu. Unataka nipitie kwa wakili nikaape uongo, kisha niendelee na safari?"

Shani akasema basi, dada, nisamehe. Bi Somoe akasema hana cha kusamehe, ila orodha ya mitindo itabidi aiandike upya.

Asubuhi yake tulikwenda kwa Msajili wote watatu. Njiani sikufanya mazoezi ya kuongea, kwa mara ya kwanza, maana sikuwa na maneno ya kuyafanyia mazoezi. Dirishani alikuwepo mama mmoja ambaye makarani wote tulimwogopa, macho yake yanakuta kosa kabla hujaketi. Nikampa bahasha. Akaivuta ile hati, akaigonga kwa ukucha. Ikalia.

"Nani kafanya hivi?"

Nikafungua mdomo niseme ni mie, kwa sababu kwa namna fulani ilikuwa mie. Shani akawahi. Akaeleza yote, kwamba aliambiwa ailinde naye akailinda. Hata ya draya alieleza. Yule mama akasikiliza bila kubadilika uso mpaka tulipofika kwa mwanafunzi wa friza. Hapo akageuka ukutani kidogo, aliporudi macho yalikuwa na maji.

"Wanaleta hivi kila siku," akasema. "Sasa nisikilize, mwanangu. Hii unayoishika ni ushahidi wa mwenye mali. Rejista ninayo mie, na rejista hakuna aliyeivisha nailoni."

Halafu akaniambia mie, kwa ukali wake wa kawaida, kwamba iliyopotea ni jambo lingine na iliyoharibika ni jambo lingine. Iliyoharibika ipo, inashikika, inasomeka, haiwezi kuzuka kwa mtu mwingine kesho. Inarudishwa kwa Msajili, inafutwa, inaombwa nyingine, na uhamisho unakwenda pamoja na maombi hayo. Mbona hukuandika barua ya kuirudisha? Nikasema naandika sasa hivi. Nikatoa kalamu. Haikuandika. Nikatoa ya akiba.

Siku za kungoja zilikuwa mbaya, sitawadanganya. Bi Somoe alishona nguo nyeupe, akahudhuria mafunzo ya Hija msikitini, akanipigia simu kila alasiri kunijulia hali ya tumbo. Shani hakupiga kabisa. Nilipokwenda kusukwa alinivuta nywele kama anang'oa mihogo.

Kisha wakatuita.

Nyie mmezikuta hati za sasa, za karatasi moja, zinazotoka kwenye mfumo. Wakati ule zilikuwa ngeni kwetu, na hati za zamani zilizorudishwa ndizo zilizokuwa zikibadilishwa kuwa hizo. Mie nilikuwa nimejiandaa kulitafuta jina la Shani nyuma, chini, kwenye mstari mdogo wenye mhuri. Nikaigeuza ile karatasi kama nilivyofundishwa. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Geuza," yule mama wa dirishani akasema.

Yalikuwa mbele. Majina mawili, herufi sawa, wino mmoja, moja chini ya jingine, na sehemu ya kila mtu: nusu, nusu. Kama ile plastiki isingekuwepo, Shani angeingia kwenye hati kwa mlango wa nyuma. Alilisoma jina lake kwa kidole. Akalisoma tena. Bi Somoe akamwuliza kama limekosewa, akasema hapana, dada, naangalia tu. Yule mama akatuambia tukaangalie nje, watu wanangoja.

Ndiyo maana nawaandikia. Fomu mtazijua tu, mtapigwa na dirisha mtazijua, na taratibu zitabadilika mkiwa kazini kama zilivyobadilika mikononi mwangu. Ila mteja mwelezeni sababu. Ningemwambia Shani sentensi moja, kwamba hapa nyuma patakuja kuandikwa jina lako, asingeipeleka kwa fundi yeyote hata kwa mtutu. Mie nilikuwa nimeshughulika kuwa mkamilifu, nikasahau kwamba anayeogopa zaidi yangu ni yeye. Na mkikosea, nendeni na kosa lenyewe mkononi, zima zima. Wale wa dirishani wameona makubwa kuliko hayo yenu.

Bi Somoe alisafiri. Shani alirudi Madale kutoka uwanja wa ndege na kwa wiki nzima alikuwa akizunguka ile nyumba kama anayetafuta kitu. Nilikuwa nimeshaanza kukodi kipande changu cha kuoteshea miche jirani pale, kwa hiyo niliona. Alisimama mbele ya dirisha. Alisimama mbele ya jiko. Kisha siku moja akaja fundi na ngazi na makopo, na geti, ambalo tangu liwekwe lilikuwa la kijivu kwa amri ya Bi Somoe, likaanza kuwa la waridi. Waridi ile kali, ya chupa za rangi ya kucha. Majirani walikuja kutazama. Yule wa kuku aliuliza kama Bi Somoe anajua. Shani akamjibu kwamba atajua akirudi.

Akarudi. Tulikwenda kumpokea, kanga mpya, kaswida, watoto wa mtaa wanakimbia nyuma ya gari. Wanawe walikuwepo, na wake zao, na ubani umewashwa. Gari likapanda kilima, likapinda, likasimama. Hajati Somoe akateremka akalitazama geti lake. Kaswida ikapungua, ikakata. Shani alikuwa amesimama pale mbele, mikono kiunoni, kidevu juu, na magoti yake nayaona mie kwa pembeni yanacheza.

Hajati akasogea akaligusa kwa kiganja, kama mtu anayepima joto la mtoto.

"Nilitaka kukuuliza nani kakuruhusu," akasema. "Nikakumbuka nilisaini mwenyewe."